Mlembe na Mwito wa Warina Asali

Mwaka 1588, João dos Santos, mmisionari wa Kireno aliyekuwa Sofala, kusini kabisa mwa mwambao wa Waswahili, alimwona ndege mdogo akiingia kanisani kwake na kudonoa mishumaa. Mishumaa ya enzi hizo ilikuwa ya nta ya nyuki, na ndege huyo alikuja kula nta. Dos Santos aliandika jambo jingine pia, ambalo bila shaka alilipata kwa wenyeji: kwamba ndege huyohuyo, akiona nyuki porini, huwatafuta watu, huwalilia, kisha huwatangulia mti kwa mti mpaka awafikishe, ili wao wapate asali naye apate masega.

Ndege huyo ni mlembe. Wataalamu humwita Indicator indicator. Ana uzito wa gramu 50 hivi na rangi ya kijivu iliyofifia, isipokuwa manyoya meupe ya pembeni mwa mkia ambayo huonekana anaporuka. Chakula anachokipenda ni nta na majana. Wanyama wanaoweza kuisaga nta tumboni ni wachache sana, kwa hiyo mlembe hana washindani wengi mezani. Shida yake ni mlango. Nyuki wa Afrika ni wakali, nao hupenda kujenga ndani ya tundu la mti au ufa wa mwamba, mahali ambapo mdomo wa ndege hauwezi kupasua. Anayeweza kupasua ni kiumbe mwenye moto na shoka.

Anayeongozwa na mlembe huanza kwa kusikia mlio: mtatariko wa haraka usiokoma, kama kiberiti kinachotikiswa karibu na sikio. Ndege ametua kwenye tawi la karibu, hana woga. Mrina asali akimjibu na kupiga hatua kuelekea kwake, ndege huruka na mkia umefunguka, ule weupe ukionekana wazi, hutua mti wa mbele na kungoja. Akiona mtu amekwama kwenye vichaka, hurudi kumfuata. Hivyo hivyo, mti kwa mti, pengine kwa kilomita nzima au zaidi. Kisha mlio hupungua. Ndege hutua tawi la chini na kunyamaza. Kuanzia hapo kazi ni ya macho ya binadamu: kusimama, kuangalia juu dhidi ya mwanga, mpaka aone nyuki wakipita kama vumbi linalong'aa, kuingia na kutoka kwenye tundu.

Wayao wa Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, hufunga kuni kavu ndani ya majani mabichi, huuwasha mzigo huo ufuke moshi mzito, kisha huuinua kwa ufito mrefu hadi mlangoni mwa nyuki. Nyuki wakilegea, mti huangushwa kwa shoka na masega hutolewa. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, Tanzania, wao hupanda mbuyu wenyewe kwa kugongomelea vigingi vya mti kwenye shina, kimoja juu ya kingine, huku wameshika mwenge. Mbuyu hubaki umesimama, na nyuki wanaweza kurudi.

Sayansi ilichelewa kuyaamini haya. Kwa miaka mingi mlembe alitajwa vitabuni kwa maneno ya mashaka, kana kwamba ni porojo za wawindaji. Aliyeubadilisha mjadala ni Mkenya, Hussein Adan Isack wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, pamoja na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer. Isack aliwaendea Waborana wa kaskazini mwa Kenya, akawasikiliza, kisha akachukua kila walichokisema na kukipima kwa saa na kwa mita. Waborana humwita ndege kwa mluzi mkali wanaouita fuulido, unaopigwa kwa kupuliza ngumi zilizofumbatwa, gamba la konokono, au tunda la mkoma lililotobolewa. Walisema mluzi huo huleta ndege. Walisema pia kwamba mtu mwenye uzoefu hujua nyuki wako mbali kiasi gani kwa kumtazama ndege tu: anapotea kwa muda gani mara ya kwanza, anatua umbali gani kati ya mti na mti, na anatua juu au chini.

Vipimo viliwaunga mkono. Matokeo yalichapishwa mwaka 1989 katika jarida la Science. Pasipo ndege, Waborana walitumia wastani wa saa 8.9 kupata nyuki. Wakiongozwa na ndege, saa 3.2. Kadiri walivyokaribia, ndege alitua karibu karibu na chini zaidi, kama walivyosema. Na katika kila makundi 100 ya nyuki yaliyopatikana, 96 yalikuwa mahali ambapo ndege asingeweza kufika bila binadamu kufungua. Yaani pande zote mbili zilinufaika, tena waziwazi. Kwangu mimi uzito wa kazi ile uko hasa kwenye mpangilio wake. Isack hakwenda porini na dhana iliyotoka maktabani. Dhana zote zilikuwa za Waborana, na yeye alizipa heshima ya kuzijaribu.

Kuna mtoto mmoja aliyemsikia Isack akihutubia wapenzi wa ndege mjini Cape Town. Jina lake Claire Spottiswoode. Alipokua akawa mtaalamu wa ndege katika vyuo vikuu vya Cambridge na Cape Town, na swali lake likawa hili: je, mlembe anasikia tu kelele za binadamu yeyote na kusogea, au anaelewa kwamba mwito fulani maana yake ni "leo natafuta asali"?

Jibu alilipata katika hifadhi ya Niassa, akiwa na Keith na Colleen Begg, watafiti wa wanyama wala nyama wanaofanya kazi katika hifadhi hiyo. Warina asali wa Kiyao huko wana mwito mmoja: mtetemo mrefu wa ulimi, brrrr, unaomalizika kwa mguno mfupi, hm. Walipoulizwa kwa nini wanatumia sauti hiyo na si nyingine, walijibu kwamba waliirithi kwa baba zao. Watafiti waliurekodi mwito huo. Wakarekodi pia sauti ya binadamu akitamka maneno ya kawaida, na mlio wa njiwa. Kisha walitembea porini pamoja na warina asali, dakika 15 kila safari, kipaza sauti kikirudia mojawapo ya sauti hizo.

Kwa sauti za kawaida, uwezekano wa kuongozwa na mlembe ulikuwa kama asilimia 33. Kwa mwito wa Wayao, ulipanda hadi asilimia 66. Ukijumlisha hatua zote mpaka kufikishwa kwenye nyuki wenyewe, mwito uliongeza uwezekano kutoka asilimia 16 hadi 54. Matokeo haya ya mwaka 2016 yalionyesha jambo adimu sana: mnyama wa porini, asiyefugwa wala kufundishwa na mtu, anatofautisha mtu mwenye nia ya kushirikiana naye na mtu anayepita njia.

Lakini mbona Wayao wanatetemesha ulimi, Waborana wanapuliza gamba, na Wahadzabe wanapiga mluzi wenye tuni? Kama ndege ni wa aina moja, anaelewa zote?

Spottiswoode aliungana na Brian Wood wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ambaye ameishi na kufanya utafiti kwa miaka mingi kati ya Wahadzabe. Wahadzabe ni watu wachache, kama elfu moja na kidogo, na bado wapo miongoni mwao wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Asali si kitafunio kwao. Ni chakula hasa. Wood aliwahi kukadiria kwamba kati ya asilimia 8 na 10 ya chakula chao hupatikana kwa msaada wa mlembe. Watafiti hao wawili walipeleka mwito wa Wayao kwenye vilima vya Kidero, karibu na Ziwa Eyasi, na mluzi wa Wahadzabe wakaupeleka Niassa. Mwaka 2023 wakatoa matokeo. Ndege wa Kidero walishirikiana na mluzi wa Kihadzabe zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Kiyao. Ndege wa Niassa walifanya kinyume chake: waliitikia mwito wa Kiyao karibu mara mbili kuliko ule mluzi.

Hii ndiyo habari ambayo nadhani haijawafikia watu wetu inavyostahili. Ndege wa Eyasi amejifunza desturi ya watu wa Eyasi. Ndege wa Niassa amejifunza ya Wayao. Tena hakufundishwa na mama yake, maana mlembe hamlei mwanawe. Jike hutaga yai kwenye kiota cha ndege wengine, kwa mfano keremkezi wanaochimba mashimo ardhini. Kinda wa mlembe huanguliwa kipofu, bila hata unyoya, lakini ncha za mdomo wake zina kulabu mbili kali, na kwa kulabu hizo huwaua makinda wa mwenye nyumba gizani mle, mmoja baada ya mwingine, ili alishwe peke yake. Baada ya wiki chache kulabu humomonyoka. Ndege huyu aliyelelewa na wasioijua nta hutoka shimoni, na muda si mrefu anawatafuta binadamu. Uongozaji wenyewe huenda amezaliwa nao. Sauti ya watu wa mahali pale hana budi kujifunza, pengine kwa kuwaangalia walembe wakubwa, pengine kwa kuona mwenyewe ni mwito gani unaoishia kwenye nta.

Malipo nayo hutofautiana. Wayao huyaokota mabaki ya nta na kumwekea ndege juu ya majani mabichi, kwa adabu kabisa, wakiamini anastahili. Wahadzabe mara nyingi huichoma nta au kuifukia. Wanasema ndege akishiba hataongoza tena leo. Wapo wanaouona huo kuwa uchoyo. Mimi sioni hivyo, kwa sababu ndege wa Kidero wanaendelea kuongoza, na watu walioishi na ndege huyu vizazi kwa vizazi wanajua mizani yao kuliko mgeni.

Hata ile hadithi ya zamani kwamba mlembe humwongoza nyegere imeulizwa kwa warina wenyewe. Katika utafiti mwingine uliotoka mwaka 2023, watafiti waliwahoji warina asali karibu 400 katika nchi 9 za Afrika. Wengi walisema hawajawahi kuona kitu kama hicho. Waliokuwa tofauti walitoka Tanzania: miongoni mwa Wahadzabe, wengi walisema wamewaona ndege na nyegere wakifuatana. Inawezekana ushirikiano huo upo mahali pamoja na haupo pengine, na bila mazungumzo yale hakuna ambaye angejua pa kwenda kutazama.

Sasa fikiria kinachotokea pale ambapo watu wameacha kurina. Katika sehemu nyingi za Kenya na kwingineko, sukari ya dukani ilipoenea na watoto walipoacha kuufuata msitu, mlembe aliacha kuongoza. Ndege yupo, ukitembelea sehemu hizo utamwona. Analia kidogo, au halii kabisa. Vijana wa hapo hawajui mwito, na yeye hana wa kumwita. Kwenye orodha ya viumbe walio hatarini hutalikuta jambo hili, kwa kuwa orodha huhesabu ndege, na idadi ya ndege hao haiko hatarini. Kilichotoweka ni makubaliano kati ya jamii ya watu na jamii ya ndege, na hakuna daftari la uhifadhi lenye safu ya kitu hicho.

Ndiyo maana naona fahari na uchungu kwa pamoja nikiitazama Niassa. Ni hifadhi kubwa, kilomita za mraba 42,000 hivi, na maelfu kwa maelfu ya watu wanaishi ndani yake. Utafiti wa mwaka 2016 uliwezekana kwa sababu hiyo tu: wazee na vijana wa Kiyao walikuwa bado wanaingia porini kila msimu. Hifadhi nyingi za Afrika ziliwatoa watu na kuufunga msitu, na mrina asali akikutwa ndani anahesabiwa pamoja na jangili. Najua sababu za walinzi. Moto wa mwenge ukiachwa huteketeza nyika nzima, na mti uliokatwa hauwapi nyuki makao tena. Haya yana majibu yasiyohitaji kufukuza mtu: kuuzima mwenge kwa maji au udongo kabla ya kuondoka, kupasua tundu badala ya kuangusha mti, kibali cha msimu kwa warina wanaojulikana na kijiji chao.

Na kuna kazi isiyongoja kibali cha yeyote. Miito hii hutofautiana kutoka bonde hadi bonde, na mingi haijawahi kurekodiwa. Huko Iringa, Tabora, Marsabit, Lindi, wapo wazee waliowahi kumfuata mlembe, na wapo wajukuu wenye simu ya kurekodia mfukoni. Maswali ya kuanzia ni machache: ulimwitaje, alikupeleka wapi, ulimwachia nini, na mara ya mwisho ilikuwa lini.