Pikapu inayotetemeka ikiwa tupu: Usikimbilie kununua matairi

PIKAPU inatoka Naipingo asubuhi ikiwa tupu kwenda kuchukua mzigo mashambani. Ikifika mwendo wa kilomita 60 kwa saa inaanza kutetemeka, sakafu inavuma, na mtungi wa maji ulio chini ya kiti unagonga. Jioni inarudi na magunia ya korosho, imetulia kabisa. Mwenye gari anaridhika kwamba gari lake "linapenda mzigo", na safari ya kwenda kuuza mazao inaendelea kama kawaida.

Gari halipendi mzigo. Mara nyingi dalili hiyo inatokana na springi za nyuma zilizoongezwa majani ili gari libebe zaidi. Mwenye gari asiyejua hilo huishia kubadilisha matairi mawili, kisha shokomzoba, kisha raba za injini, na mtetemo unabaki palepale. Fedha ya msimu inakwisha dukani kwenye spea ambazo hazikuwa mbovu.

Tuseme pikapu ya tani moja inabeba magunia 12 ya kilo 80, inakwenda safari mbili kwa siku na kutoza Sh2,500 kwa gunia. Siku moja ya kulala gereji ni Sh60,000 zilizopotea, kabla ya kumlipa fundi. Kwa mkulima mwenye mzigo, hasara ni ya namna nyingine. Korosho zinauzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, na mazao ya Ruangwa, Nachingwea na Liwale hupitia minada ya chama kikuu cha ushirika cha RUNALI. Mzigo usiofika ghalani kwa wakati unasubiri mnada mwingine, na bei ya mnada huo hakuna anayeijua. Mvua za mwisho wa mwaka zikiukuta barabarani, korosho zinalowa na daraja linashuka.

Wilaya ya Nachingwea inajua vizuri uchungu wa mashine zilizokufa. Mpango wa karanga wa Waingereza ulioanzia Kongwa mwaka 1947 na kuenea hadi Urambo na Nachingwea ulitegemea matrekta mengi ya mitumba ya vita, mengine yakiwa ni vifaru vilivyogeuzwa. Mengi yaliharibika mapema na spea zikakosekana, na mwaka 1951 mpango ukavunjwa. Reli iliyojengwa kwa ajili yake kutoka pwani ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Jina la Stesheni bado lipo Nachingwea, lakini mzigo unategemea magurudumu ya mpira.

Kabla ya kufungua boliti yoyote, mwenye gari anatakiwa kujua mtetemo unakuja lini. Jaribio lifanyike mahali penye barabara laini na isiyo na watu, kwa kuwa kwenye mbavu za barabara ya vumbi kila gari linatetemeka.

Kwanza gari lisimame, liwekwe nyutro, kisha likanyagwe mafuta polepole. Kama linatetemeka hata likiwa limesimama, tatizo liko kwenye injini au kwenye raba zinazoishikilia, ambazo mafundi huziita mauntingi. Kama limetulia, liendeshwe hadi mwendo unaoleta mtetemo, tuseme kilomita 60, kwa gia ya nne. Kisha ushikwe mwendo uleule kwa gia ya tatu. Injini sasa inazunguka kwa kasi zaidi, lakini propela na matairi viko palepale. Mtetemo ukibaki uleule, injini haina kosa. Mtuhumiwa yuko nyuma ya giaboksi. Mtetemo unaokuja pale tu breki inapokanyagwa ni wa diski au ngoma za breki, na ule unaokuja wakati wa kuondoka tu, klachi ikiachiwa, uanze kutafutwa kwenye klachi, mauntingi na beringi ya katikati ya propela.

Kinachobaki ni kutenganisha matairi na propela, na hapa hesabu ndogo inasaidia. Tairi la pikapu lenye mzunguko wa karibu mita 2.2 likienda kilomita 80 kwa saa linazunguka mara 10 hivi kwa sekunde. Propela, kwa difu yenye uwiano wa karibu 4 kwa 1, inazunguka mara 40. Kwa hiyo tairi bovu linatikisa gari kwa mapigo mazito yanayoweza karibu kuhesabika, na yakiwa ya mbele yanachezesha usukani. Propela inavuma, na mvumo wake unasikika kwenye sakafu na makalioni. Anayesita abadilishe matairi ya mbele na ya nyuma. Mtetemo ukihama pamoja nayo, jibu limepatikana bila kununua kitu.

Dawa ya kwanza ni maji. Udongo uliokauka ndani ya rimu au kuganda kwenye propela unatosha kuharibu mizania ya kitu kinachozunguka mara 40 kwa sekunde. Wakati wa masika wapo waliokwisha kulipia balansi ya matairi kwa sababu ya tope ambalo ndoo moja ya maji ingeliondoa.

Baada ya hapo ni kuingia chini ya gari. Injini izimwe, magurudumu yawekewe mawe pande zote mbili, na gari likiinuliwa likae juu ya stendi imara au magogo mapana. Kulala chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake ni kuhatarisha maisha. Kwenye Land Rover za zamani uangalifu uwe mkubwa zaidi, kwani breki ya mkono inashika kwenye propela ya nyuma: propela ikifunguliwa, breki hiyo haipo tena.

Propela ishikwe kwa mikono miwili, mkono mmoja kila upande wa krosi, na izungushwe kinyume kwa kinyume. Krosi nzima haichezi hata kidogo. Ikicheza, au ukionekana unga mwekundu wa kutu kwenye vikombe vyake, imekwisha. Propela isukumwe juu karibu na beringi ya katikati, kwa magari yenye propela ya vipande viwili. Raba iliyopasuka itaonekana. Kipande kidogo cha chuma kilichochomelewa kwenye bomba la propela ni uzito wa mizania, si takataka. Alama ya mahali kilipong'oka ikionekana, chanzo kinaweza kuwa ndicho hicho.

Kosa linalorudia kwenye magereji ya vijijini ni la wakati wa kufunga. Propela ina sehemu inayoteleza, na mikono ya krosi ya mbele na ya nyuma lazima ikae kwenye mstari mmoja. Ikichomolewa na kurudishwa ikiwa imeruka meno machache, gari lililoingia gereji na krosi mbovu linatoka na krosi mpya na mtetemo mkubwa zaidi. Kinga yake ni mstari wa rangi au wa patasi kwenye kila maungio kabla ya kufungua. Chaki inafutika kwa grisi.

Kubadilisha krosi kunawezekana nyumbani kwa mwenye vaisi, soketi mbili na subira. Vile visindano vidogo ndani ya vikombe visidondoke. Kimoja kikilala kwa upande, kikombe hakiingii hadi mwisho, na anayekilazimisha kwa nyundo anaharibu krosi mpya siku hiyohiyo. Krosi iliyofungwa vizuri inakunjika kwa mkono bila kukwama na bila kulegea. Yenye nipo ipigwe grisi hadi ya zamani itokeze pande zote nne.

Na ile pikapu iliyoongezwa majani ya springi? Mwili wake ukiinuka, propela inalala kwa mteremko mkali kuliko ilivyopangwa kiwandani. Mzigo unapoushusha mwili, mteremko unarudi na mvumo unakoma. Mdomo wa giaboksi na mdomo wa difu vinatakiwa kuelekea sambamba, tofauti isizidi nyuzi moja hivi, na kila krosi ikunjike kidogo tu, nyuzi 3 au chini. Siku hizi programu ya pima maji kwenye simu inatosha kupima. Dawa ni kupunguza jani moja, au kuweka kabari ya chuma kati ya springi na ekseli ili mdomo wa difu ukae sawa. Kabari iwekwe baada ya kupima, maana ikigeuzwa upande usio wake inaongeza ugonjwa.

Mwenye gari anayeamua kuvumilia mvumo ajue anachovumilia. Krosi ya mbele ikikatika gari likiwa mwendoni, ncha ya propela inadondoka na inaweza kuchimba ardhi na kuliinua gari. Kabla ya hapo, mtetemo huwa umeshakula sili na beringi za difu na giaboksi, ambazo bei yake hailingani na ya krosi.

Magari madogo yanayovuta kwa mbele, ambayo wachuuzi wengi wanayatumia kupeleka bidhaa dukani, hayana propela. Kwao ukaguzi ni wa mpira wa vumbi kwenye ekseli za mbele. Mlio wa ka-ka-ka kwenye kona ni wa sivi jointi ya nje; mtetemo wa wakati wa kukanyaga mafuta unaopungua mguu ukiachiwa mara nyingi ni wa ile ya ndani. Mpira uliochanika ukibadilishwa mapema pamoja na grisi yake, kabla mchanga haujaingia, jointi yenyewe inapona.

Kazi ikikamilika, boliti za propela zikazwe tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, na ziangaliwe kila grisi inapopigwa.