Mwalimu Anayetaka Kuacha Pombe Aelekezwe Wapi?

Mtu anayetaka kulewa jijini Nairobi hahitaji mwelekezi. Kuanzia River Road hadi Kawangware, baa hujitangaza zenyewe kwa taa, kwa muziki na kwa harufu ya nyama choma. Anayetaka kuacha, kwa upande wake, huuliza kwa sauti ya chini, na mara nyingi hurudi nyumbani bila jibu. Jambo hili lanisikitisha zaidi niwafikiriapo walimu, kwa kuwa kazi yetu ni kuelekeza.

Ninaye rafiki anayefundisha hisabati katika shule moja ya upande wa magharibi wa jiji. Kwa muda mrefu wenzake walimfichia. Huyu alimshikia kipindi cha asubuhi, yule akamwambia mwalimu mkuu kwamba ana malaria. Malaria hiyo ilimpata kila Jumatatu! Hapana shaka walimhurumia, lakini huruma ya namna hiyo ilimpa nafasi ya kunywa zaidi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 44, inamruhusu mwajiri kumfuta papo hapo mfanyakazi ambaye ulevi wa saa za kazi umemfanya ashindwe kutimiza wajibu wake. Barua ya onyo ilipofika, alinijia akasema, "Mwalimu, nataka kuacha, lakini sijui niende wapi."

Tulianzia kwa daktari, na ni vyema kila msomaji alijue hili. Mwili uliozoea pombe kutwa kucha, ukinyimwa ghafla, waweza kutetemeka, kuona mazigazi, kupatwa na kifafa, hata kufa. Wale wanaomwambia mlevi sugu "jikaze uache leo" hawajui hatari ya ushauri wao. Baada ya matibabu, daktari akatutajia Alcoholics Anonymous, chama cha walevi wasiotajana majina kamili, kijulikanacho kwa ufupi kama AA.

Palikuwa na kundi upande wa Lavington, mwendo mfupi kutoka kwake. Alilikataa katakata. Je, akionwa na mzazi wa mwanafunzi wake? Basi tukapanda matatu ya 46 hadi katikati ya jiji, ambako hakuna amjuaye mwenziwe, tukaingia katika chumba cha nyuma cha kanisa. Mkutano wa jioni ile ulikuwa wa wazi, ndiyo maana nami niliruhusiwa kuketi.

Nilitarajia mahubiri, na hayakuwapo. Palikuwa na viti vya plastiki, chai ya birika, na watu wa kila tabaka: aliyevaa suti, kijana wa makanga, mama wa makamo aliyeshika mkoba wa ngozi. Kila aliyetaka kusema alitaja jina lake la kwanza, akakiri kuwa yeye ni mlevi, kisha akasimulia. Hakuna aliyemkatiza wala kumshauri. Rafiki yangu hakusema neno jioni ile, na hakuna aliyemlazimisha. Kikapu kilipopitishwa, aliyekuwa na ishirini alitia, asiyekuwa nayo akakipitisha. Sharti la uanachama ni moja tu: nia ya kuacha kunywa. Hatua zao 12 humtaja Mungu, lakini kila mtu huachiwa amfahamu kwa namna yake. Kasoro niliyoiona ni lugha. Kiingereza kilitawala, na fundi wa viatu kutoka Kangemi angejihisi mgeni pale.

Chama chenyewe kilianza kwa kutafuta. Mnamo Mei 1935 Bill Wilson, mfanyabiashara wa hisa kutoka New York aliyekuwa na miezi michache tu tangu aache pombe, alijikuta peke yake katika hoteli mjini Akron, jimbo la Ohio, biashara yake imeharibika na baa iko hatua chache kutoka aliposimama. Alikwenda kwenye simu, akapiga huku na huko kupitia makanisa, akimtafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Akaelekezwa kwa daktari mmoja, Robert Smith. Siku Smith alipokunywa kwa mara ya mwisho, Juni 10, ndiyo huhesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa AA.

Wapo wasomi wanaobeza mambo haya kama faraja ya wanyonge. Mwaka 2020 John Kelly wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake wawili walichapisha mapitio ya tafiti 27 zilizohusu watu zaidi ya 10,000. Waligundua kwamba katika kumwezesha mtu kujizuia kabisa na pombe, njia ya AA haikushindwa na tiba nyingine zilizozoeleka, na mara nyingi ilizishinda.

Nanyi wanafunzi ambao mlevi ni baba au mama, hamkusahauliwa. Lois, mkewe Wilson, alishiriki kuanzisha Al-Anon mwaka 1951 kwa ajili ya jamaa za walevi, na tawi la vijana, Alateen, likafuata mwaka 1957.

Rafiki yangu bado anafundisha, na bado hupanda matatu hiyo kila Alhamisi. Katika chumba cha walimu cha shule yake sasa pamebandikwa, kando ya ratiba ya vipindi, karatasi yenye namba 1192, simu ya bure ya NACADA, shirika la serikali la kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Aliyeibandika hakuandika jina lake.