Mchicha umeliwa usiku: mjue aliyekula kabla hujanunua dawa

Jioni tuta lilikuwa zima. Asubuhi unakwenda na keni ya maji, unakuta miche ya chainizi imebaki vijiti na mchicha una matundu. Wengi wetu tukiona hivyo tunakimbilia duka la pembejeo, tunataja dawa ile ile aliyonunua jirani, na jioni hiyo hiyo tunapuliza. Kesho yake mboga imeliwa tena.

Sababu moja kubwa ni kwamba aliyekula huenda si mdudu. Koa, yule mtelezi asiye na gamba, pamoja na ndugu yake konokono, wako kwenye kundi lao mbali kabisa na viwavi na vidukari. Dawa nyingi za kupulizia zinazouzwa kwa ajili ya viwavi hazimsumbui koa. Zinachoua ni wadudu wengine, wakiwemo mende wa ardhini ambao ndio wanaokula makoa na mayai yao. Kwa hiyo umelipa hela, umempunguzia koa maadui, na umebaki na sumu kwenye majani ambayo mtu atayala keshokutwa.

Kwa mwenye bustani Buhongwa na vitongoji vya jirani, mazingira yenyewe yanamfaa koa. Mawe yetu ya Mwanza yanapendeza kwenye picha, lakini chini yake kuna unyevu na giza mchana kutwa, na koa hahitaji zaidi ya hapo. Bustani iliyo bondeni, yenye mawe pembeni na majani marefu kwenye mfereji, itasumbuliwa zaidi kuliko ile iliyo wazi juani. Mvua za Oktoba hadi Desemba zikianza, na tena zile za Machi hadi Mei, ndipo wanapotoka kwa wingi.

Kabla ya kutoa hela, toka usiku na tochi ya simu. Muda mzuri ni kati ya saa 2 na saa 4 usiku, hasa siku mvua imenyesha au umemwagilia jioni. Tembea taratibu, inua majani, angalia upande wa chini. Ukishindwa kutoka usiku, nenda alfajiri kabla jua halijakauka juu ya tuta, utafute alama.

Koa na konokono wanaacha utelezi mkavu unaong'aa kama plastiki nyembamba, juu ya jani au ardhini. Matundu yao hayana mpangilio, na miche midogo wanaweza kuimaliza yote. Sota ni tofauti: yeye anakata mche usawa wa ardhi, na asubuhi unaukuta umelala kama umekatwa kwa wembe, majani yakiwa karibu mazima. Chimbua kwa kijiti kando ya mche uliokatwa, kina cha vidole viwili hivi. Mara nyingi utamkuta kiwavi mnene wa rangi ya udongo amejikunja. Panzi wanakula mchana, kwa hiyo hao utawaona bila tochi. Majani yaliyojikunja na kunata yana vidukari chini yake. Kwenye kabichi na sukuma wiki, jani lililoliwa likabaki ngozi nyembamba kama kioo cha dirisha ni kazi ya viwavi wadogo wa kijani ambao ukiwagusa wanajirusha na kuning'inia kwa uzi.

Ukishathibitisha ni koa, jambo la kwanza halikugharimu hata shilingi: hamisha umwagiliaji kutoka jioni kwenda asubuhi. Tunapenda kumwagilia jioni kwa sababu jua limepoa na watoto wametoka shule, lakini tuta lenye maji usiku ni barabara ya koa. Ukimwagilia asubuhi, jioni udongo wa juu unakuwa umekauka kiasi na safari yake inakuwa ngumu.

Halafu mtegee mahali pa kulala. Weka gunia lililolowa, kipande cha ubao au gome la mgomba kati ya matuta jioni. Asubuhi geuza, utawakuta wamejificha chini. Waokote kwa kijiti au ukiwa umevaa mfuko mkononi, watumbukize kwenye ndoo ya maji yenye chumvi nyingi au sabuni, kisha wafukie mbali na bustani. Fanya hivyo kila siku kwa wiki mbili, usiishie siku ya kwanza. Chumvi ibaki ndooni. Ukiimwaga kwenye tuta itaharibu udongo na mboga yenyewe.

Majivu yanasaidia yakiwa makavu, ukizungushia kwenye miche. Mvua ikinyesha au ukimwagilia, kinga hiyo imekwisha, unarudia. Bata wanapenda sana koa, ila wanapenda pia miche, kwa hiyo waingize shambani kabla ya kupanda au baada ya kuvuna. Matandazo mazito nayo yasogeze mbali kidogo na miche mpaka ikomae.

Usisahau mayai. Chini ya mawe na kwenye udongo laini wenye samadi utakuta vishada vya punje ndogo zinazong'aa. Za konokono mkubwa ni nyeupe kuelekea njano. Huyu konokono mkubwa asili yake ni Afrika Mashariki, na hutaga mamia ya mayai. Mwaka 1966 mtoto mmoja alipeleka watatu Miami, Marekani, bibi yake akawaachia bustanini. Miaka saba baadaye walihesabiwa wapatao 18,000, na iligharimu zaidi ya dola milioni moja kuwamaliza. Kwa hiyo kishada kimoja ulichoponda leo si kazi ndogo.

Kwa sota, lima na kugeuza udongo wiki mbili kabla ya kupanda ili kuku na jua vifanye kazi yao, na ng'oa magugu. Mche wa nyanya au kabichi uzungushie kipande cha chupa ya plastiki kilichozama kidogo ardhini. Vidukari vichache vinaondoka kwa maji ya sabuni ya kipande, ukipuliza chini ya majani.

Zipo punje za sumu za kuulia konokono, nyingine za rangi ya bluu. Zinafanya kazi, lakini mbwa, kuku na hata mtoto mdogo wakizila zinaweza kuwaua, kwa hiyo ziwe hatua ya mwisho. Dawa yoyote utakayonunua iwe imesajiliwa na TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na iwe kwenye chupa yake yenye lebo. Ya kupimiwa kwenye chupa ya soda iache. Kwenye lebo tafuta siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Mchicha unang'olewa wiki tatu au nne tu baada ya kusiwa. Kama lebo inasema siku 14 na wewe unapeleka sokoni keshokutwa, dawa hiyo haifai kwa tuta hilo.

Wasikilizaji wa kando ya ziwa huuliza kama konokono hawa ndio wa kichocho. Hapana, wale wanaishi majini. Ila wa bustani nao wanaweza kubeba minyoo inayotoka kwa panya, kwa hiyo nawa mikono kwa sabuni baada ya kuwaokota, na osha vizuri mboga zinazoliwa mbichi.

Usipomtambua mlaji, mtie kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na jani aliloliharibu, umpelekee afisa ugani wa kata. Atakushauri vizuri zaidi akimwona kuliko ukimweleza kwa simu kwamba "kuna wadudu".