Kimo, Mwinuko na Mteremko: Istilahi za Data za Ardhi kwa Mfano wa Kilosa na Mikumi



Msafiri akisema "mwinuko" hueleweka, kwani mazingira humfafanulia msikilizaji. Kompyuta haina ukarimu huo. Katika mhadhara huu ninakusudia kulipima neno hilo kwa kazi moja: kugeuza data za ardhi kuwa taswira ya pande tatu ya Kilosa na Mikumi, mkoani Morogoro.

Data zenyewe zilikusanywa Februari 2000, chombo cha angani Endeavour kilipopima kwa rada takriban asilimia 80 ya nchi kavu ya dunia kwa siku 11. Zimegawanywa katika vipande vya digrii moja kwa moja, kila kimoja kikiitwa kwa kona yake ya kusini-magharibi. Longitudo 37 mashariki hupita karibu sana na miji yetu miwili, na latitudo 7 kusini hupita kati yake. Hivyo, anayetaka kuiona miji hiyo pamoja na uwanda wa Mkata hana budi kuunganisha vipande vinne.

Kipande chenye vipimo vya kila mita 90 hivi kina safu 1,201 za namba 1,201. Kila namba huhifadhiwa kwa baiti mbili, ile yenye thamani kubwa ikitangulia. Programu ikizisoma kinyume, mita 490 juu ya bahari hugeuka kuwa mita 5,631 chini yake. Mahali rada ilipokosa jibu huandikwa -32768. Pasipozibwa, taswira huchora shimo lisilokuwapo. Kisha digrii hubadilishwa kuwa mita, ili umbali na urefu wa kwenda juu vitumie kipimo kimoja.

Hapo ndipo istilahi inapotudai. Mwanafunzi akiambiwa "kokotoa mwinuko", atoe mita kutoka usawa wa bahari au digrii za ulalo wa ardhi? Mafuriko ya Mto Mkondoa ya Desemba 2009 na Januari 2010, yaliyoharibu Reli ya Kati na kuwaacha maelfu ya watu wa Kilosa bila makazi, yanaonyesha uzito wa swali hilo. Mji huo uko mamia ya mita juu ya bahari, lakini hilo halikuukinga. Maji hufuata mteremko kutoka milima ya Ukaguru na Rubeho, kisha hutanda ardhi inapolala.

Kwa hiyo napendekeza "kimo" kiwe urefu kutoka usawa wa bahari, "mteremko" uwe kiasi cha ulalo, na "mwinuko" ubaki kuwa sehemu iliyoinuka. Huenda mtu akapinga kwamba kimo ni cha mtu au mti. Naam, lakini hivyo navyo hupimwa kutoka msingi kwenda juu, na msingi wa mahali ni bahari.

Mpangaji wa makazi akisoma namba sahihi chini ya jina lenye utata, kosa lake litakuwa letu pia.