Zamu ya Mfongo

Ukipanda kutoka Moshi mjini kwenda Kibosho au Machame, mara nyingi unasikia maji kabla hujayaona. Yanapita kwenye mtaro mwembamba chini ya migomba na mibuni, yakielekea kihamba cha mtu, shamba lake la nyumbani. Wachagga wanauita mfongo, na Kilimanjaro kuna mamia ya mifongo, mingine mikongwe kuliko kumbukumbu ya yeyote aliye hai.

Mito ya mlima huu imejichimbia makorongo marefu, na watu wanaishi juu ya migongo ya vilima. Mwenye nyumba anausikia mto bondeni lakini hawezi kuyapandisha maji. Basi wahenga waliufuata mto hadi juu msituni, wakajenga banio la mawe, matawi, vigogo vya migomba na udongo, kisha wakayaongoza maji ubavuni mwa korongo. Mtaro ukiinama mno, maji yanaukwangua. Ukilala mno, unajaa tope. Hawakuwa na kipimo ila jicho na maji yenyewe yakifuata jembe. Kwangu huo ni uhandisi kamili.

Ukoo uliochimba ndio wenye mfongo, na mzee wake ndiye msimamizi. Zamani mizimu ilitolewa sadaka kwenye banio, na aliyetaka kuingizwa kwenye zamu ya maji alikwenda na pombe ya mbege. Mtaro kupita shambani kwako hakukupi haki ya maji. Haki inatokana na kazi: siku ya kusafisha ikitangazwa, kila kaya inatoa mtu na jembe. Asiyefika anatozwa faini, na akikaidi zamu yake inafungwa.

Lango la zamu halina chuma. Ni kipande cha mgomba, jiwe na matope yaliyokandamizwa kwa unyayo. Saa yako ikifika unabomoa lako, unaziba la jirani, halafu unasubiri. Maji yanatangulia na povu la kahawia na majani makavu, kisha yanatakata, na unaanza kuyagawa kwa jembe, mgomba hadi mgomba. Ya usiku hukusanywa kwenye bwawa dogo, nduwa, na kufunguliwa asubuhi. Ya kunywa yalitekwa alfajiri, kabla ng'ombe hawajayafikia na nguo hazijafuliwa. Siku hizi nyumba nyingi zinakunywa ya bomba, na mfongo umebaki wa shamba.

Jambo moja linaniuma. Waliokwenda kuteka alfajiri walikuwa wanawake na watoto, lakini kikao cha mfongo kilikuwa cha wanaume. Mila hiyo haikuwa ya haki, na sioni sababu ya kuitetea kwa kuwa tu ni ya kale.

Sheria ya maji ya 2009 inataka kibali kwa anayechepusha mto, na Bodi ya Maji Bonde la Pangani ndiyo inayokitoa. Sawa, mto una watu wengi chini, hadi tambarare. Lakini kibali hakizoi tope. Vijana wako Dar es Salaam na Arusha. Faini wanaituma kwa simu, na hela inafika siku hiyo hiyo. Tope linabaki palepale, likimsubiri mzee mwenye jembe lililolika nusu, ambaye saa tisa usiku anashika tochi na kuufuata mtaro kuelekea juu, kuangalia nani ameziba.