Kupika Korosho Nyumbani

Korosho ni mbegu ya mkorosho, mti ulio mwingi Mtwara na Lindi. Huota kwenye ncha ya bibo. Ganda lake lina tabaka mbili, na kati yake mna mafuta mazito yaunguzayo ngozi. Kwa hiyo usivunje korosho mbichi kwa meno. Mtu mzima huipika kwanza, kisha huibangua.

Njia ya kwanza ni kuchoma. Korosho kavu hutiwa katika bati lenye matundu, juu ya moto ulio nje ya nyumba. Hukorogwa kwa mti mrefu. Joto huyatoa mafuta, nayo huwaka. Maganda yakiwa meusi, korosho humwagwa mchangani. Mchanga huzima moto na kufyonza mafuta yaliyobaki. Zikipoa, maganda huvunjika kwa urahisi. Moshi wake huwasha macho na kifua. Mpishi husimama upande upepo utokako.

Njia ya pili ni kutumia mvuke wa maji yachemkayo. Ganda haliungui, na kiini hubaki cheupe. Lakini mafuta mengi yangali ndani ya ganda. Basi mbanguaji hujipaka majivu au mafuta ya kupikia mikononi. Kisha viini hukaushwa kwa moto mdogo ili ngozi yake nyembamba itoke.

Maswali
1. Kwa nini korosho hazichomwi ndani ya nyumba?
2. Mchanga una kazi gani?
3. Katika njia ipi mbanguaji hukinga mikono zaidi? Eleza sababu.