Mtunguja na ndulele: mmea mmoja, majina mawili

Mtunguja (wingi: mitunguja) ni mti mdogo wenye miiba, wa jamii moja na nyanya na bilinganya. Jina lake la kitaalamu ni Solanum incanum, na asili yake ni Afrika. Majani yake yana vinyweleo laini, maua yake ni ya zambarau, na miiba huota kwenye shina na hata kwenye majani. Tunda lake huitwa tunguja (wingi: matunguja). Likiwa bichi huwa la kijani lenye mabaka meupe. Likiiva hugeuka manjano.

Mmea huu hustawi katika ardhi iliyokwisha kuguswa na watu au mifugo: kandokando ya njia, mahameni, katika mashamba yaliyoachwa na malisho yaliyochoka. Katika Bonde la Kilombero, basi, mahali pa kuutafuta ni ardhi iliyoinuka karibu na nyumba na barabara, mbali na mbuga inayofurika wakati wa masika.

Kamusi huuorodhesha kwa jina la mtunguja, lililozoeleka pwani na visiwani. Sehemu nyingi za bara ya Tanzania huuita ndulele. Mwanafunzi wa Viwanja Sitini, Ifakara, aweza kuujua mmea wenyewe tangu utotoni, kisha asiutambue kamusini. Ngeli nazo hutofautiana. Husemwa: mtunguja umezaa, tunguja limeiva, matunguja yameiva, lakini ndulele imeiva, ndulele zimeiva. Aidha, ndulele hutaja mmea na tunda pia.

Mfasiri hana budi kuwa mwangalifu zaidi, kwa kuwa tunguja lina sumu. Ndugu yake wa karibu, nyanya chungu au ngogwe (Solanum aethiopicum), ni mboga ya kila siku. Anayeandika “nyanya mwitu”, au “tufaha chungu” kwa kufuata jina la kigeni neno kwa neno, humfanya msomaji adhani kuwa tunda hilo huliwa. “Mti wa miiba wenye matunda ya manjano” nao hautoshi, kwani mkunazi pia una miiba, na kunazi huliwa. Katika maandishi ya afya au kilimo, kosa la namna hiyo laweza kumdhuru mtoto.

Inafaa kuandika mtunguja (ndulele) mara ya kwanza, pamoja na jina la kitaalamu, kisha kuendelea na jina linalotumiwa na wasomaji wanaokusudiwa.